Anyesi na Paa la Udongo

Watu wengi wanaolipenda tembe hawajawahi kulipanda juu na karai la udongo kichwani. Tuliseme hilo mapema, maana siku hizi Dodoma imejaa wapenzi wa tembe. Wanalipiga picha, wanalisifu kwamba jua likiwaka ndani kuna ubaridi, na upepo wa Julai ukivuma ndani kuna joto. Ni kweli tupu. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwulize Anyesi, mjane wa Bartolomayo, aliyeingia katika tembe akiwa bi harusi na leo ana wajukuu wanaonyoa ndevu. Atakuambia ubaridi anaujua, joto analijua, na udongo anaujua kuliko vyote viwili.

Tembe, kwa asiyelijua, ni nyumba ya Wagogo: fupi kwa kimo, ndefu kwa ubavu, kuta za miti na udongo, na paa lake limelala bapa. Juu ya magogo kuna fito, juu ya fito kuna matawi, na juu ya matawi kuna udongo. Sasa udongo na mvua hawajawahi kupatana. Kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu achimbe udongo wa kichuguu, aukande na samadi, aupandishe juu, ausambaze, aukanyage mpaka ushikane. Na mvua ikishaanza, mtu huyohuyo, akisikia ngurumo tu, apande tena na majivu akazibe nyufa kabla maji hayajafika kwenye kihenge cha mtama na kwenye vichwa vya watoto. Katika nyumba ya Bartolomayo mtu huyo alikuwa Anyesi. Bartolomayo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ng'ombe, na kila mvua iliponyesha ilimkuta malishoni. Ilikuwa ajabu kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mara moja tu Anyesi alilikaribia bati. Waliuza maksai, wakakubaliana, fundi akaja akapima. Januari hiyohiyo Denis, kifungua mimba wao, akafaulu kwenda sekondari, na kabla hajamaliza akafuata mdogo wake Anitha. Bati la Anyesi likaenda shule. Hajawahi kulijutia hilo hata siku moja. Watoto walitoka na vyeti vizuri, Denis ni mhandisi Mwanza, Anitha yuko ofisi za Bunge na amepanga Area D. Majirani wote huko ng'ambo ya reli, Ihumwa, wakaezeka bati mmoja baada ya mwingine, na tembe la Anyesi likabaki peke yake.

Na Anyesi amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule unaoamka nao, unaoupeleka kanisani na kurudi nao. Magoti yake yanalia akiinama, mabega yake hayainuki sawasawa, na ngurumo hata ya mbali, hata ya treni mpya inapopita, inamshtua moyo. Alichokuwa anakitaka katika dunia hii ni kitu kidogo sana: chumba kimoja cha bati, popote pale, hata cha uani kwa watu huko Makole, mahali ambapo mvua ikinyesha isimhusu.

Kwa nini hakusema? Hapo ndipo penye kazi. Siku waliyomzika Bartolomayo, Denis, mwanaume mzima mwenye koti, alishika mwimo wa mlango akalia kama mtoto. "Mama, nyumba hii isianguke," alisema. "Ikianguka, sisi hatuna kwetu." Na Anyesi, naye akilia, akamjibu: "Haitaanguka, mwanangu." Neno limetoka. Tangu siku hiyo watoto wanakuja Krismasi na watoto wao, wanakaa uani, wanakula mlenda, wanasema hakuna raha kama nyumbani, halafu wanaondoka kabla ya mvua kubwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi ndipo akatokea Octavian. Huyu ni mtu wa Bukoba aliyehamia Dodoma pamoja na serikali, na alipostaafu hakurudi kwao kwenye migomba. Alinunua tembe kuukuu upande wa Chamwino lililokuwa limebaki kuta tu, akalikarabati kwa mwaka mzima, akaligeuza kuwa hoteli ya wageni akaiita Kaya Tembe. Ikapata wateja. Sasa alikuwa anatafuta tembe la pili, lililo hai, lenye mwenyewe ndani. Anitha alisikia habari zake ofisini, akampeleka Ihumwa, na mzee wa watu alipoliona tembe la Anyesi alivua kofia.

Mpango walioufanya ulikuwa mzuri, kama ungepangiwa mtu mwingine. Octavian angelichukua tembe, angelikarabati, wageni wangelala humo. Na Anyesi asingehama. Angebaki kuwa bibi wa nyumba, awapokee wageni, maisha yake yote. Denis aliposikia kwa simu alishangilia. Nyumba haitaanguka, na mama hatahangaika! Kilichobaki kilikuwa kauli ya Anyesi mwenyewe, na Octavian alikuwa muungwana, hakutaka kumharakisha. Akasema mama aje kwanza Kaya Tembe alale kama mgeni, aone, kisha Jumapili atoe jibu.

Anyesi alikwenda akijua mambo mawili. La kwanza, akisema ndiyo, atafia kwenye tembe lile, na safari hii mbele ya macho ya watu. La pili, akisema hapana, atakuwa amelivunja neno alilompa mwanawe siku ya mazishi. Alipanda bajaji aliyoikodi Anitha akiwa na mfuko mdogo wa nguo na kichwa kizito.

Walifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Octavian alikuwa amesimama langoni.

"Shikamoo mama. Karibu sana, hapa ni kwako."

"Marahaba baba. Asante. Habari za hapa?"

"Nzuri mama. Tunakungoja wewe tu."

Mlango wa chumba ulikuwa mfupi kama milango yote ya tembe. Anyesi aliinama bila kufikiri, akaingia. Anitha, aliyezaliwa ndani ya mlango kama huo, aligonga paji la uso akapiga yowe, na Octavian akaomba radhi kana kwamba mlango ulikuwa na makosa. Ndani kulikuwa na kitanda kipana chenye chandarua, taa zilizofichwa ndani ya vibuyu, na bafu la maji ya moto mahali palipokuwa pakilala ndama. Jiwe la kusagia lilikuwa limesimamishwa ukutani juu ya kibao chake, limesuguliwa likang'aa. Anyesi alilitazama lile jiwe kwa muda. Mikono yake ilikuwa inajua uzito wake, na hakupenda kuliona pale juu likimtazama.

Mhudumu wa vyumba, mama wa makamo kutoka Kondoa aitwaye Mwantum, alimletea joho jeupe la taulo.

"Ukishaoga bibi, unavaa hili, unapumzika."

"Navaa nguo nyeupe, kwenye nyumba ya udongo?"

"Ndivyo wanavyofanya wageni," Mwantum akasema, na wote wawili wakacheka.

Chakula kililetwa kivulini. Ugali wa uwele umekatwa vipande vidogo vidogo, mlenda kwenye kijibakuli cha kuoshea vidole, maziwa mgando yamewekewa jani juu. Anyesi alikula kwa adabu, akasikia njaa ileile aliyoanza nayo. Wageni wawili wa Kizungu na familia moja kutoka Dar es Salaam walimsalimia. Mama wa Dar akauliza kama anaweza kupiga naye picha, na kabla Anyesi hajajibu alikuwa ameshakaa ubavuni kwake akitabasamu.

"Unaona mama?" Octavian akasema walipobaki watatu. "Hicho ndicho wanachokikosa hapa. Nyumba ipo, ila haina mtu. Kule kwako wewe utakuwepo. Hatutaki uchoke, hapana. Unakaa tu karibu na moto. Unasaga mtama kidogo, waone. Unawaonyesha jinsi ya kukanda udongo kidogo, wapake wenyewe ukutani. Jioni unawapigia hadithi kidogo."

"Kidogo," Anyesi akasema.

"Kidogo tu mama," akadakia Anitha. "Vitu ambavyo unavifanya siku zote."

Anyesi alitikisa kichwa kama anayekubali. Ndani ya moyo alikuwa anahesabu vile vidogo, na kila kimoja kilikuwa na jina la maumivu fulani mwilini mwake. Kusaga kulikuwa mabega, kukanda udongo kulikuwa kiuno, moto ulikuwa macho. Alitaka kusema. Akamwona Anitha anavyomtazama kwa furaha, akasema anaomba akajilaze.

Alioga maji ya moto mpaka akayaonea haya. Akavaa lile joho, akajinyosha juu ya kitanda laini asichojua ashike wapi. Anitha alikaa barazani na simu yake. Kulikuwa kimya. Anyesi akafumba macho, akasema afadhali alale, jibu litakuja lenyewe.

Kilichokuja ni ngurumo.

Haikuwa kubwa. Ilitoka mbali, upande wa milima, na mtu mwingine angegeuka upande wa pili. Lakini mwili wa Anyesi haukuomba ruhusa kwake. Kabla hajajua yuko wapi alishainama, alishatoka mlangoni, alishafika kwenye mafiga ya uani ambako asubuhi waliwapikia wageni uji, anazoa majivu kwa karai. Wingu lilikuwa limeshafunika nusu ya anga. Jembe la mtunza maua lilikuwa limeegemea ukuta, akalibeba. Kulikuwa na gogo lililochongwa vidato ambalo wageni hulipandia kwenda kutazama jua likizama. Anyesi akalipanda na karai kichwani na jembe mkononi, magoti yakilia, joho likiburuzika nyuma.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua mwenyewe siku ya kwanza.

Juu ya paa macho yake yalifanya kazi yake ya miaka yote. Hapa pamepasuka. Pale pamebonyea, maji yatatuama. Akapiga magoti, akaanza kumwaga majivu na kuyashindilia kwa kiganja. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka, mazito, yakinyanyua vumbi.

"Bibi! Utaanguka bibi, shuka!" Mwantum alikuwa chini, mikono kichwani.

"Nileteeni majivu mengine! Na mmoja aingie ndani aweke sufuria chini ya ufa!"

"Ufa upi bibi?"

"Mama!" Anitha alikuwa amefika mbio, hana viatu. "Mama, hapa si nyumbani!"

Anyesi hakusikia. Alikuwa ameona ufa mrefu uliotoka ukingoni kuja katikati, na ufa wa namna ile hauzibwi juujuu. Lazima uchokonolewe kwanza, udongo uliokufa utoke, ndipo uweke mpya. Akainua jembe akapiga. Jembe likalia kwang!

Akasita kidogo. Jiwe, alidhani. Akasogea akapiga pengine. Kwang! Akatupa jembe, akafukua kwa vidole. Chini ya udongo kulikuwa na nailoni nyeusi. Chini ya nailoni, mahali jembe lilipotoboa, kulikuwa na bati. Bati jipya, linang'aa, halina kutu hata chembe.

Alikaa chini palepale. Mvua sasa ilikuwa inanyesha sawasawa, ikilowesha nywele zake za mvi na lile joho lililokwisha kuwa la rangi ya kichuguu.

Octavian alikuja na mwavuli, akasimama chini ya ukingo wa paa. Wageni walikuwa wamejikusanya barazani wanatazama.

"Baba," Anyesi alimwita kutoka juu, kwa upole kabisa. "Nyumba yako ina bati."

"Ndiyo mama," Octavian akasema. Alitazama barazani, akapunguza sauti. "Lipo nyumba nzima. Tumelifunika tu. Unajua, wageni wanataka tembe, lakini hawataki kuvujiwa."

"Hawataki kuvujiwa," Anyesi akarudia.

"Hawataki mama."

"Kumbe hilo lipo. Mtu anaweza kusema hataki kuvujiwa."

Akacheka. Alicheka kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka Mwantum naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha Anyesi akajifunika uso kwa mkono wenye udongo, na Anitha, aliyekuwa ameshaanza kupanda lile gogo, akaona mabega ya mama yake yanatikisika na si kwa kicheko tena. Miaka yote ile. Masika yote yale ya kuamka na kupanda, mimba ikiwa tumboni, mtoto akiwa mgongoni, homa ikiwa mwilini. Na watu walioingia hapa juzi na mizigo yao walisema tu hawataki, wakawekewa.

Walimteremsha wawili, Anitha na Mwantum. Octavian hakusema neno juu ya paa lake lililotobolewa, na kwa hilo tumpe heshima yake. Aliagiza chai ya tangawizi na akaondoka.

Ndani Anitha alimvua mama yake lile joho, akamfunga khanga kavu, akamkalisha kitandani, akaanza kumfuta miguu. Mvua ilikuwa kubwa sasa, lakini chini ya bati na udongo na dari la fito sauti yake ilisikika kwa mbali. Hakuna tone lililoshuka.

"Mama, usilie basi. Na kwako wataweka hivihivi. Hutapanda tena."

"Sitaki, Anitha."

"Hutaki bati?"

"Sitaki kukaa mule tena." Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Nyumba mpeni huyu baba. Ni mtu mzuri, ataitunza, haitaanguka. Neno langu kwa Denis limesimama. Ila mimi msiniweke ndani yake. Sitaki kusaga kidogo, sitaki kukanda kidogo. Nimesaga. Nimekanda. Nimechoka, mwanangu."

Anitha aliacha kufuta.

"Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Mlikuwa mnakuja mnafurahi. Nani angewaharibia?"

"Sasa mama, ukitoka pale... sisi tukisema tunakwenda kwetu, tutakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la mtoto, na Anitha mwenyewe alilisikia likimtoka. Anyesi alimtazama binti yake huyu mwenye nyumba ya kupanga Area D na kazi ya heshima, na uvimbe wa mlango kwenye paji la uso. Hakumkasirikia, maana hata hasira nayo ilitaka nguvu.

"Mtakuja nilipo mimi," alisema. "Hata kama ni chumba kimoja Makole. Nikishakufa mtafuteni kwenu kwingine, lakini kwa sasa kwenu ni mimi."

Anitha aliinama, akaendelea kumfuta miguu, kidole kwa kidole, ingawa ilikuwa imeshakauka. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya taulo. Alipomaliza alimlaza mama yake upande, akamfunika shuka mpaka mabegani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Ngurumo ikapiga, safari hii karibu. Anyesi alisikia miguu yake ikishtuka chini ya shuka, ikitaka kwenda. Akaiambia itulie. Ikapiga nyingine, miguu ikashtuka kidogo tu. Usingizi ulikuwa unamjia kutoka chini, mzito.

Simu ya Anitha ililia. Alikuwa Denis kutoka Mwanza, na sauti ya Denis tangu utotoni haihitaji spika.

"Eh, vipi? Amekubali? Nipe mama niongee naye."

"Amelala," Anitha akanong'ona.

"Hizo kelele za nini?"

"Mvua. Inanyesha kubwa huku."

Anyesi, macho yamefumbwa, alimsikia mwanawe akivuta pumzi, na alipozungumza tena hakuwa na ile sauti yake kubwa.

"Mvua inanyesha na mama amelala? Anitha, anaumwa?"

"Haumwi," Anitha akasema. "Amechoka, kaka. Mama amechoka."